UZI: Chupa inang'aa, sawa. Nani aliifunga?

1/ Kuna mchezo wa siasa ambao sote tumeuona. Mheshimiwa anasimama kwenye matanga, anainua chupa ya pombe juu, jua linapiga lebo inamemeta, anasema: "Watu wetu wanauawa na hii feki!" Wiki ijayo mpinzani wake anasimama kwingine na chupa ya maji: "Mnatozwa stempu hata kwa maji ya kunywa!" Halafu wa tatu anakuja na yake: "Tatizo ni plastiki." Watu wanapiga makofi mara tatu, wanarudi nyumbani hawajajua lolote.

2/ Leo tuichukue hiyo chupa yenyewe tuiweke mezani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiagizia viwanda vidogo vifungashio, yaani chupa, mifuniko na lebo. Kwa hivyo nitaanzia pale ninapopajua, kwenye ile lebo ya plastiki inayong'aa kama fedha au dhahabu, iliyobana chupa kama soksi. Ukielewa inafanya nini na haifanyi nini, nusu ya hizi kelele utazipima mwenyewe.

Sheria ya hapa ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Tunajadili hoja.

3/ Hiyo lebo ni ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Watu wa viwandani wanaiita slivu. Haina gundi ya kuishikisha kwenye chupa. Inakuja ikiwa mrija mwembamba wa filamu ya plastiki, unakatwa vipande, kila kipande kinavishwa chupa kikiwa kimelegea, kisha chupa inapita ndani ya handaki la mvuke au hewa moto. Sekunde chache tu, mrija umesinyaa na kukumbatia kila kona ya chupa.

4/ Inasinyaaje? Filamu ilipotengenezwa ilipashwa joto, ikavutwa kwa upana, halafu ikapozwa ikiwa bado imevutwa. Ni kama ile plastiki imelazimishwa kukaa kwenye umbo ambalo si lake. Ikipata joto tena inarudi ilikotoka. Aina nzuri inaweza kusinyaa kwa zaidi ya asilimia 70 ya upana wake. Ndiyo maana inaweza kushuka kutoka tumbo pana la chupa hadi shingo nyembamba bila kukunjamana.

5/ Shida ya kwanza ya mchapaji: kila alichochapa nacho kitasinyaa. Ukichapa uso wa mtu ukiwa sawa, kwenye shingo ya chupa utatoka umebanwa kama umekatwa na mlango. Kwa hivyo mchoro unapindwa makusudi kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa, ili joto likishafanya kazi yake uonekane umenyooka. Hii ni kazi ya fundi, na fundi analipwa.

6/ Shida ya pili ndiyo ya hiyo fedha inayong'aa. Plastiki inasinyaa, chuma hakisinyai. Ukibandika utando mzima wa alumini juu ya filamu halafu uipeleke kwenye mvuke, plastiki itarudi ndani, alumini itabaki na upana wake. Matokeo ni mikunjo na nyufa. Kwa hivyo wachapaji wana njia kadhaa za kuzunguka hapo.

7/ Njia ya kawaida ni wino wenye vijichembe vya alumini, vyembamba sana, vinavyolala kwenye wino kama magamba ya samaki. Filamu ikisinyaa, magamba yanasogeleana na kupandana, hayavunjiki. Mng'ao wake ni mzuri ila si wa kioo.

Njia ya pili ni foili ya baridi: gundi inachapwa mahali panapotakiwa tu, foili nyembamba inapitishwa juu, inanata pale penye gundi. Inaitwa ya baridi kwa sababu ukitumia ile ya kugonga kwa moto, filamu yenyewe inasinyaa ukiwa bado mashineni. Nembo, mstari au nyota ndogo ya foili inawekwa sehemu ya chupa isiyobanwa sana, ili isipasuke.

Njia ya tatu ni kuongeza hologramu, ile picha inayobadilika rangi ukigeuza chupa. Nayo huwekwa kipande kidogo, mahali ambapo filamu haisinyai sana.

8/ Mara nyingi wino unachapwa upande wa ndani wa filamu. Ukikwaruza kwa kucha, hautoki, kwa sababu kati ya kucha yako na wino kuna plastiki. Shikilia hilo, tutalihitaji kule chini.

9/ Kwa nini wafanyabiashara wanaipenda? Kwanza inafunika chupa nzima, pande zote, kwa hivyo kila upande ni tangazo. Pili, mwenye kiwanda kidogo anaweza kununua aina moja ya chupa nyeupe na kuivalisha slivu tofauti za embe, nanasi na tikiti. Tatu, ikivuka hadi juu ya mfuniko, ikiwa na mstari wa vitundu vidogo vya kuchania, huwezi kufungua chupa bila kuichana.

Rafu ya duka nayo ina kanuni zake. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri kinavalishwa fedha ili kionekane.

10/ Sasa siasa. Hoja ya kwanza ya jukwaani: "Tuwalazimishe watengenezaji watumie lebo za kisasa, feki itaisha."

Sikizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotezwa. Lebo iliyobana mfuniko inakuambia jambo moja: chupa hii haijafunguliwa tangu ilipofungwa. Haikuambii ni nani aliyeifunga.

11/ Kila ukishika bidhaa iliyofungwa kuna maswali matatu, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu:

• Je, imefunguliwa njiani? Hilo linajibiwa na slivu, au mfuniko wenye pete ya kukatika.
• Ni nani aliyeifunga, na ushuru umelipwa? Hilo linajibiwa na stempu ya ushuru na rekodi zilizo nyuma yake.
• Ndani kuna nini? Hilo linajibiwa na maabara na ukaguzi wa kiwandani. Hakuna lebo duniani inayoweza kulijibu.

Mwanasiasa akichukua jibu la swali la kwanza akalitumia kwa swali la tatu, anakudanganya, hata kama hajui kwamba anadanganya.

12/ Na swali la tatu ndilo linaloua. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walipofuka. Methanoli ni kileo cha matumizi ya viwandani. Kwa macho inafanana na ethanoli ya kunywa, na kwa pua mnywaji wa kawaida hawezi kuzitofautisha. Mwilini inageuka kuwa asidi inayoshambulia neva za macho. Ukiitia kwenye chupa ukaivalisha slivu ya dhahabu, bado ni methanoli.

13/ Februari 2024, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe haramu. Serikali yenyewe ilisema pombe hiyo ilitoka kwa vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa kituo cha polisi. Rudia hiyo sentensi polepole. Ilikuwa imeshakamatwa. Mwezi uliofuata leseni za watengenezaji wa pombe za kizazi cha pili zilisimamishwa ili wakaguliwe upya, na mjadala ukahamia kwenye viwanda na baa. Lakini shimo lililotajwa lilikuwa kwenye utunzaji wa vielelezo, na shimo hilo huwezi kuliziba kwa lebo.

14/ "Lakini si lebo ngumu inamzuia mtu wa feki?" Inamzuia kiasi, na tumpe haki yake. Slivu yenye foili na hologramu inahitaji mashine, fundi na mtaji wa kuanzia. Mtu anayejaza chupa kwenye nyumba ya kukodisha hawezi kuichapa kwa printa ya saibakafe. Kwa huyo mdogo, ni kizuizi cha kweli.

15/ Kwa yule mkubwa si kizuizi. Mwenye soko la maelfu ya makreti anaweza kuagiza slivu nje ya nchi, kwa mchapaji ambaye hataulizia nani mwenye nembo. Zikifika, kuzivalisha ni joto tu. Na kuna njia rahisi kuliko hiyo: kupata chupa asilia zilizokwisha kunywewa, lebo yake ikiwa bado nzuri. Kumbukeni nilisema wino uko upande wa ndani? Ile sifa inayoifanya lebo isichakae dukani ndiyo inayoifanya ibaki nzuri jalalani. Chupa inaokotwa, inaoshwa, inajazwa, inafungwa mfuniko mpya. Mwili wa chupa unabaki halali kabisa. Kilichobadilika ni kilicho ndani na kilicho shingoni.

Kuna methali ya pwani inayolingana na habari hii: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

16/ Kwa hivyo ukitaka kupima chupa, anza na shingo. Slivu ya shingo ikiwa imelegea, imechanika kwenye vitundu, au ina mikunjo ambayo ndugu zake rafuni hawana, iache. Hilo halithibitishi kwamba ni feki, ila kwa pombe kali huna sababu ya kubahatisha na macho yako.

17/ Tuje kwa stempu, kwa sababu watu wengi wanachanganya stempu na lebo. Lebo ni ya mwenye bidhaa. Stempu ni ya KRA. Mfumo wa stempu tunaotumia ulianza mwaka 2013 kwa sigara, mvinyo na pombe kali. Kuupanua kulipingwa mahakamani. Mahakama Kuu ilisimamisha mwaka 2018, kisha Mahakama ya Rufaa ikabadilisha uamuzi huo mwaka 2019. Novemba 2019 ukafika kwa maji ya chupa, soda na juisi.

18/ Stempu ina nguvu ambayo mng'ao wa lebo hauna, kwa sababu inaweza kuulizwa. KRA ina programu ya simu inayoitwa Soma Label. Unaelekeza kamera kwenye stempu, inakupa taarifa za bidhaa hiyo. Ikisema hii ni stempu ya juisi na wewe umeshika vodka, jibu unalo. Stempu ya kubandika ambayo hakuna anayeisoma ni pambo jingine tu, sawa na foili.

19/ Na kuna alama ya ubora ya KEBS. Chini yake kuna namba ya kibali. Tuma SMS yenye SM#, kisha namba hiyo, kwenda 20023. Utajibiwa ni kampuni gani ina hicho kibali, ni bidhaa gani, na kama muda wake haujaisha. Watu huangalia alama, hawaangalii namba. Alama yoyote inaweza kuchapwa na yeyote. Namba ndiyo inayomuumbua.

Mambo mawili yasichanganywe: stempu inazungumzia ushuru, KEBS inazungumzia ubora. Kulipa ushuru hakufanyi kinywaji kuwa salama.

20/ Hoja ya pili ya jukwaani: "Stempu na masharti ya lebo yanaua biashara ndogo."

Hapa nina msimamo wa katikati na nitauonyesha kwa hesabu. Hizi ni namba za mfano tu, si bei halisi. Tuseme stempu, lebo na kazi ya kuvibandika vinaongeza shilingi 2 kwa kila chupa. Kwenye chupa ya pombe ya shilingi 2,000 hiyo ni asilimia 0.1, mnywaji hata hatajua. Kwenye maji ya shilingi 20 ni asilimia 10. Shilingi ni zile zile, maumivu ni tofauti kabisa.

21/ Kwa hivyo anayesema stempu haiumizi mtu, anaangalia pombe. Anayesema stempu inaumiza kila mtu, anaangalia maji. Gharama isiyobadilika kwa kila chupa daima inamwangukia mwenye bidhaa ya bei ya chini, na wateja wake ndio hawa wanaonunua maji ya shilingi 20 stendi ya matatu. Mjadala wa maana ni huu: kiwango cha ada kiwe sawa kwa bidhaa zote, au kipimwe kulingana na bei na hatari ya bidhaa? Nani alikufa kwa maji yasiyo na stempu, na nani alikufa kwa pombe?

Lakini tuwe wakweli kwa upande wa pili pia. Yule mwenye maji halali anashindana na jamaa anayejaza bomba na kuuza bila kibali. Stempu ikifanya kazi inamlinda huyo halali. Isipofanya kazi, analipa yeye peke yake.

22/ Sasa rudi kwa slivu ya fedha. Kila rangi kwenye lebo hiyo ikichapwa kwa njia ya kawaida ya viwanda vikubwa inahitaji silinda yake ya chuma iliyochongwa. Rangi saba, silinda saba, na wino wa fedha una yake. Hizo silinda zinalipiwa kabla hata lebo ya kwanza haijatoka. Ndiyo maana mchapaji hataki kusikia habari ya lebo elfu moja. Anataka makumi ya maelfu.

23/ Nilimsaidia mama mmoja wa Kitui anayepakia asali. Alitaka chupa yake ing'ae kama ile ya dukani mjini, kwa sababu wateja walimwambia asali yake "inakaa ya kienyeji". Kiwango cha chini cha oda kilikuwa ni lebo za miaka kadhaa ya mavuno yake. Angeweka pesa yote kwenye lebo zikae ghalani, na sheria ikibadilisha neno moja kwenye maelezo, zote ni takataka. Alichagua lebo ya karatasi ya kubandika na utepe mdogo wa plastiki, usio na maandishi, wa kubana mfuniko. Swali la kwanza, lile la kufunguliwa njiani, lilijibiwa kwa gharama ndogo. Fedha haikuhitajika.

24/ Sasa fikiria mheshimiwa akipitisha sharti kwamba kila bidhaa ya chakula iwe na lebo ya kisasa yenye foili ya usalama. Yule wa feki mkubwa ataagiza. Kiwanda kikubwa kitaagiza. Mama wa Kitui atafunga. Sera iliyosemwa kwa jina la kulinda mwananchi itakuwa imemwondoa mwananchi sokoni. Hii ndiyo sababu nasema maneno "lebo ya kisasa" yasipigiwe makofi mpaka tuulize bei na kiwango cha oda.

25/ Hoja ya tatu: "Tuchapishe hapa nyumbani, tutoze ushuru lebo za nje."

Ni hoja nzuri kwa nusu. Wachapaji wapo hapa, Eneo la Viwanda Nairobi wanafanya kazi safi, na kazi hiyo inalisha watu. Lakini mchapaji wa hapa naye mara nyingi anaagiza filamu, wino na foili kutoka nje. Ukitoza lebo iliyokamilika, umemlinda. Ukitoza filamu na wino, umempiga yeye mwenyewe uliyesema unamlinda. Kwa hivyo kila Mswada wa Fedha unapokuja, usiishie kusoma "ushuru wa lebo". Soma ni kitu gani hasa, cha hatua gani ya kazi, kimetajwa kwenye jedwali. Tofauti ya mstari mmoja inaamua kama kiwanda kitaajiri au kitapunguza watu.

26/ Hoja ya nne haisemwi sana, ila ipo kwenye sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka onyo la afya lichukue si chini ya asilimia 30 ya eneo la kifungashio, kwa Kiingereza au Kiswahili. Sasa weka onyo la herufi nyembamba juu ya wino wa fedha unaoakisi taa za baa. Lipo, halisomeki. Mkaguzi akipima kwa rula atakuta asilimia zake. Mnywaji hataona kitu. Ukisikia mtu anasema "sheria imefuatwa", uliza pia kama imesomeka.

Hilo linahusu hata tarehe ya mwisho ya matumizi. Kwenye slivu ya kung'aa tarehe iliyopigwa kwa wino mweusi mwepesi inapotea kabisa. Mzee asiye na miwani anunue vipi dawa ya kikohozi?

27/ Hoja ya tano: taka. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki Agosti 2017, wanasiasa wanapenda kusema Kenya inaongoza. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilileta wajibu wa mzalishaji: ukiingiza kifungashio sokoni, una jukumu juu yake hata kikishakuwa taka. Vizuri. Sasa tazama slivu inafanya nini hapo.

28/ Chupa nyingi za maji na soda ni za plastiki ya PET. PET angavu ina soko, inasagwa na kuyeyushwa upya. Lakini ukiivalisha slivu ya PVC, ni balaa. PET inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 250, na PVC huanza kuoza mapema kabla ya hapo, ikitoa asidi na kuifanya PET kuwa ya kahawia. Na kwenye tangi la maji la kutenganisha, mifuniko inaelea, PET inazama, PVC nayo inazama pamoja nayo. Maji hayawezi kuzitofautisha.

29/ Slivu ya aina nyingine, PETG, ni jamaa wa karibu wa PET, kwa hivyo watu hudhani haina neno. Nayo inazama, halafu inalainika mapema kwenye kikaushio na kugandisha vipande kama ugali uliopoa. Mashine za kisasa zinazotambua plastiki kwa mwanga zinasoma slivu badala ya chupa iliyo ndani. Na alumini ya mapambo inaweza kuamsha kitambuzi cha chuma, chupa nzima ikatupwa nje.

30/ Anayelipa ni nani? Ni yule kijana au mama wa Dandora anayeokota chupa na kuziuza kwa kilo. Chupa angavu ina bei. Chupa iliyofunikwa kuanzia kichwa hadi mguu, aidha aichane lebo moja moja kwa mkono, au akubali bei ya chini, au aiache palepale. Pambo lililoongeza shilingi kwa bei dukani limepunguza shilingi jalalani, na hao wawili hawajawahi kukaa meza moja.

31/ Dawa zipo, na si za ajabu. Slivu fupi isiyofunika chupa nzima. Mstari wa vitundu wa kuichana kwa urahisi. Filamu nyepesi inayoelea majini, ili itengane na PET. Foili kidogo badala ya fedha mwili mzima. Haya ni mambo ambayo kanuni inaweza kuyaandika kwa ukurasa mmoja, na ada ya mzalishaji inaweza kutofautishwa: anayefunga kwa njia inayorejelezeka alipe kidogo, anayefunga kwa njia inayoharibu alipe zaidi.

32/ Ona sasa mgongano ambao hauambiwi jukwaani. Anayetaka kupambana na feki anasema: funika chupa yote, weka chuma, weka hologramu. Anayetaka kupambana na taka anasema: funika kidogo, ondoa chuma. Mara nyingi ni mheshimiwa yule yule, mikutano miwili tofauti. Hawezi kupata yote mawili kamili. Lazima achague ni bidhaa gani ibebe ulinzi mzito na ipi iachwe nyepesi. Mimi kwa maoni yangu, pombe kali na dawa zibebe mzigo, kwa sababu feki yake inaua. Maji na juisi ziachwe na pete ya mfuniko, lebo ndogo na ukaguzi wa kweli wa kiwandani. Unaweza kunipinga, ila nipinge kwa sababu.

33/ Ndiyo, ukaguzi. Haushangiliwi kwa sababu hauonekani. Mkaguzi anayefika kiwandani bila kupiga simu, anayechukua sampuli, na maabara inayotoa majibu haraka kabla shehena haijaisha sokoni. Ghala la vielelezo lenye kufuli na daftari linalolingana na kilichomo. Hakuna anayeweza kuinua daftari juu kwenye matanga watu wakapiga makofi. Lakini ukiangalia vifo, ni hapo watu walipokosa kulindwa.

34/ Kwa hivyo, siku ukiwa barazani, Jeevanjee, au kwenye kipindi cha redio simu zikifunguliwa, haya ndiyo maswali ya kumuuliza anayeinua chupa:

• Unazungumzia kufunguliwa, kutambulika kwa mwenye bidhaa, au usalama wa kilicho ndani? Chagua moja kwanza.
• Kaunti yetu ina wakaguzi wangapi, na walitembelea viwanda vingapi mwaka jana?
• Vielelezo vilivyokamatwa viko wapi, na viliharibiwa lini, mbele ya nani?
• Sharti unalopendekeza litamgharimu nini mwenye kuuza bidhaa ya shilingi 20?
• Ushuru unaotaka uko kwenye lebo iliyokamilika au kwenye filamu na wino?
• Hiyo chupa ikishanyweka, nani ataivua hiyo nguo?

35/ Asipokuwa na jibu hata la moja, ujue alikuja na chupa tu. Kwa anayeuza: soma hizo namba za vibali za wanaokuletea mzigo, usiogope kuonekana mjuaji. Kwa anayenunua: angalia shingo, soma stempu, tuma SMS. Inachukua muda mfupi kuliko kugombana humu.

Maswali tiririsheni, nitajibu ya leo usiku na mengine kesho. Majina ya watu acheni huko huko.